Kilo za Mtu Mzito

Kazi yangu mimi ni kupima watoto. Kila Jumanne na Alhamisi, kwenye kituo cha afya kule Cimpunda, mtaa wa hapa Bukavu, akina mama wanapanga foleni, na mimi Séraphine, muuguzi, namning'iniza mtoto mmoja mmoja kwenye mizani na kusoma kilo zake kwa sauti. Hapakosi mama anayemleta mtoto kavalishwa sweta tatu, kofia, na viatu vya kaka yake, jasho linamtiririka, ili aonekane amenenepa. Hanidanganyi. Namwambia, "Vua nguo yote, maman. Mizani haipimake sweta." Wengine wananinunia, na waninunie tu. Mtoto aliyekonda akijulikana anapewa maziwa na anapona, lakini aliyefichwa ndani ya sweta tutamzika na sweta yake.

Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo arudi nyumbani akute mumewe ndiye kavaa sweta juu ya sweta.

Mume wangu ni Jean-Baptiste. Anafundisha ufundi wa mitambo, na alipokuwa kijana alijifunza kurusha ndege Nairobi. Leseni anayo, kila ikikaribia kuisha anapanda basi kwenda kuihuisha, na mimi nanung'unika mpaka anarudi. Kwa miaka kadhaa amekuwa akiunda ndege yake mwenyewe uani kwetu. Ni ndege ndogo ya viti viwili vilivyokaa pamoja mbele kabisa, bawa liko juu, na injini iko nyuma ya vichwa vya abiria, inasukuma badala ya kuvuta. Mwanzoni majirani walisema Papa Yannick amerogwa. Yannick ni mwanetu, anasoma Kinshasa. Bawa lilipovalishwa kitambaa cheupe na kuanza kufanana na bawa kweli, majirani hao hao wakaanza kuniuliza tiketi itakuwa bei gani.

Tatizo lilikuwa injini. Mchoro ulitaka kiinjini chepesi cha Ulaya ambacho sisi tungekiona kwenye picha tu. Almasi, fundi wa Uvira anayetengeneza injini za boti za kisiwa cha Idjwi, akatupatia injini ya Volkswagen ya zamani, ile gari yenye mgongo wa kobe, iliyokuwa imelala kwenye gereji ya mapadri. Inanguruma vizuri, sikatai. Ila ni nzito kuliko ile ya kwenye mchoro, na uzito wote huo umekaa nyuma. Kila mwanamke aliyebeba mtoto anajua jambo hilo: ukimfunga chini mno, anakuvuta kinyumenyume, na usipoinama mbele utakaa chini bila kupenda.

Hesabu za uzito alizifanya Priscille, binti wa dada yangu, mhandisi wa madaraja. Alitufafanulia kwamba ndege iliyoelemea mbele ni mvivu tu, inachelewa kupaa. Iliyoelemea nyuma ni muuaji. Basi Almasi akachomelea upya kile kitanda cha vyuma kinachobeba injini, akaisogeza mbele kiasi cha vidole vinne, akaweka vipira vipya vya kumeza mtikisiko. Zaidi ya hapo haikuwezekana, kwani pangaboi lingeling'ata bawa. Betri wakaihamishia puani, chini ya miguu ya rubani. Bado mbele palikuwa pepesi.

"Inabakia uzito ya rubani," Priscille akasema. Ilikuwa Jumapili, tunakula, na jirani yetu Adolphine alikuwa kaja kusalimia, maana Adolphine husalimia saa za chakula. "Tonton, uko na kilo ngapi?"

"Quatre-vingt-douze," mume wangu akajibu. Tisini na mbili. Hakupepesa hata jicho.

Priscille akaandika, akajumlisha, akatabasamu. "Iko bien. Ku mbele tunahitaji mutu wa quatre-vingt-cinq, themanini na tano, chini ya pale hapana. Bahati Tonton iko mutu muzito!"

Tukacheka wote, kwa sababu mtu mzito ni mtu mwenye heshima zake, na neno lilikaa mahali pake mara mbili. Adolphine akapiga makofi. "Muzito kabisa! Papa Yannick, siku hizi unanenepa!"

Mume wangu akajipapasa koti pale tumboni. Mimi nikaangalia sahani yangu.

Lazima niseme kuhusu salamu hiyo. Kwetu Bukavu, "unanenepa" ni baraka. Maana yake Mungu anakuona, kazi inaenda, mkeo anapika. "Umekonda" haisemwi. Ukimwambia mtu amekonda ni kama umemuuliza anayemmaliza ni nani: mke, deni, au ule ugonjwa. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa ukimwambia mume wangu ananenepa, na mimi niliyekuwa nikifua nguo zake nilikuwa nikiuona mkanda. Mwaka uliopita alipatwa na vidonda vya tumbo, akalazwa, akatibiwa, akapona. Lakini hali chakula tena kama zamani. Pilipili basi, bia basi, nyama ya nguruwe basi. Kila baada ya muda alikuwa akichukua msumari na nyundo na kutoboa mkanda tundu jipya, mpaka ncha yake ikawa inamzunguka na kufika mgongoni, anaichomeka kwa nyuma isionekane. Juu ya shati sweta, juu ya sweta sweta nyingine, juu ya yote koti. Baridi ya Bukavu ikawa shahidi wake wa uongo.

Na mimi nilinyamaza. Kumwambia Adolphine jambo ni kuliweka redioni. Tena nilijua wangesema nini: Séraphine ananenepesha watoto wa watu Cimpunda, wa kwake anakauka nyumbani. Nina kiburi changu na mimi.

Wageni walipoondoka nikamwuliza, "Hizo tisini na mbili ni za mwaka gani?"

"Zimeandikwa ku karatasi ya hôpital."

"Siku ulipoingia, au siku ulipotoka?"

Akanijibu bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama Yannick, wanafunzi wangu watakuwa pale, directeur wa shule atakuwa pale. Miaka yote hii wamesema huyu mutu ameisha. Usinivue nguo mbele ya batu. Kilo nitazirudisha."

Nikajaribu kuzirudisha mimi. Nikapika sombe ya majani ya muhogo, yenye mawese ya kutosha kuwasha taa, nikapika samaki, nikasonga ugali laini. Alikula vijiko vinne, akasema asante, akaenda kukaza skrubu.

Siku iliyofuata nikamfuata Priscille uani, nikamwuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Na kama rubani angekuwa mutu mwepesi? Tuseme wa soixante-dix, kilo sabini?"

Hakuinua hata kichwa. "Singemuruhusu, Tantine. Angepaa muzuri, batu wangepiga makofi. Halafu pua ingeendelea kupanda, anasukuma usukani, pua inakataa. Ndege inaishiwa mwendo, inaanguka kwa mukia. Pale hakuna cha kufanya."

Nilishika ukingo wa bawa. Yule niliyekuwa nikimfichia aibu, kumbe nilikuwa nikimfungia sanda.

Jioni ile nikamwambia mume wangu kila neno la Priscille. Nikamwambia Jumamosi ndiyo siku ya kupima ndege, aseme mwenyewe. "Usiposema, nitasema mimi." Akaitikia kwa kichwa. Nilimjua kwa kichwa kile; ndicho alichoniitikia pia aliponiahidi ndege itakwisha kabla ya Yannick kumaliza shule ya msingi.

Ndege hupimwa mahali tambarare, na Bukavu mahali tambarare ni jambo la kuombwa kwa barua, kwa sababu mji wetu wote ni kupanda na kushuka. Shule moja ikatuazima uwanja wake wa mpira wa kikapu. Tukaleta mizani mbili za ghala la kahawa kwa magurudumu ya nyuma na moja ndogo kwa gurudumu la mbele. Watu walikuja kana kwamba kuna harusi. Wanafunzi, walimu, directeur mwenye tai yake, Adolphine mwenye kitenge kipya. Mume wangu alikuwa kavaa koti lake, kafunga vifungo vyote, na jua lilikuwa linawaka.

Wakapima ndege tupu. Priscille akasoma, Almasi akahakikisha, mambo yakawa sawa. Kisha Almasi akasema jambo la akili kuliko yote ya siku ile. "Papa, panda mu kiti, tukupime pamoja na ndege, tumalize."

"Kunipima?" mume wangu akacheka. "Munipime muzee muzima kama mufuko ya maharagi?"

Uwanja mzima ukacheka naye. Priscille akainamisha macho kwa aibu, maana ni mtoto aliyelelewa. "Hapana, Tonton. Kilo yako tuko nayo tayari." Vijana wakaishusha ndege kutoka kwenye mizani.

Nikamwangalia mume wangu, nikimpa nafasi ya mwisho. Aliniona. Akageuza uso akatazama bawa, kana kwamba bawa ndilo alilolioa.

Hapo hasira ikanipanda, na naishukuru. Nikatembea hadi kwenye mizani moja ya kahawa, nikaivuta pembeni ya gurudumu, nikavua viatu, nikaweka chini mkoba, nikafungua kitenge cha juu nikampa Adolphine ashike. Nikapanda.

"Priscille, soma."

"Tantine..."

"Soma! Kwa sauti."

"Quatre-vingt-dix-sept," akasema kwa sauti ndogo. Tisini na saba.

Watu wakapiga yowe. Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakapiga miluzi, directeur akajifanya anakohoa. "Mumeona?" nikawaambia. "Mutu muzito wa ile nyumba, njo miye! Nani mwingine? Adolphine, kuja!"

Adolphine akakataa, wanawake wakamsukuma, akapanda huku akipiga kelele, akakutwa na themanini na moja. Almasi akapanda, sitini na tatu, wakamwambia akaoe. Directeur naye akapanda na tai yake. Ikawa mchezo, kila mtu anataka kusikia kilo zake, na ndivyo nilivyotaka iwe, ili atakayefuata asiwe peke yake.

"Sasa, Papa Yannick."

Hakuwa na pa kukimbilia. Akapanda na koti lake, na mimi nikasikia sauti yangu ikitoka, ile ile ya Cimpunda, bila kuipanga. "Vua nguo, papa. Mizani haipimake sweta."

Vicheko vikakatika. Alinitazama, na sitasahau macho yale, kwa sababu aliniomba ndani yake nimwache. Nikamsogelea, nikasema polepole, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Sitaki kukuzika na sifa ya kunenepa. Nakutaka umekonda hivyo hivyo, ukiwa muzima, nyumbani kwangu."

Akafungua kifungo cha kwanza. Akavua koti, akavua sweta, akavua sweta ya pili. Akatoa funguo mfukoni. Akabaki na shati lililolowa jasho na ule mkanda wenye matundu ya msumari, ncha yake imechomoka na kuning'inia. Nililia, sijali nani aliniona.

Priscille akasoma mara moja, akasoma mara ya pili. "Soixante-treize."

Sabini na tatu. Priscille akakaa chini palepale kwenye sakafu ya uwanja. Kalamu ilikuwa bado mkononi, akaitazama kama kisu. "Tonton, ningekuua," akasema. "Ningekuua na hii bic yangu. Sababu niliona haya kukupimisha."

"Kosa haiko yako, mutoto wangu," mume wangu akasema. Akageukia watu, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Ilikuwa tumbo. Vidonda. Nimepona, docteur ameona. Lakini sitanenepa tena. Na mama huyu ananipikia muzuri, mutu asiseme maneno."

Alikumbuka hata hilo. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya mji, naye akanivika mimi.

Kimya kikavunjwa na Adolphine, nani mwingine. "Papa, hata miye nilikuwa naona, kweli ya Mungu! Tuliogopa tu kusema."

"Wote tuliona," Almasi akasema. "Ile mukaba yako ya suruali, Papa, inakuzunguka kama kamba ya boti." Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashuka kwenye mizani akiwa ameshika tumbo lile lile lililomtesa.

Priscille akafuta macho, akafungua ukurasa mpya. Dawa yenyewe haikuwa ngumu, na ndiyo iliyonikasirisha upya: mfuko wa mchanga kwenye kiti cha pili, ufungwe na mkanda wa abiria kama mtu, usicheze. Kilo thelathini, ili pawe na akiba. Lakini safari hii hakuandika kitu kabla ya kuona. Ndege ikarudishwa kwenye mizani, mume wangu akaketi kitini, mchanga ukaketi pembeni yake, mizani zikasomwa zote tatu mbele ya macho ya watu, na jumla ikaangukia pale ilipotakiwa. Almasi akasema, "Alhamdulillahi." Directeur akampigia mume wangu makofi. Alimpigia hivyo hivyo, mume wangu akiwa na shati lililolowa.

Ruhusa za ofisi zilipotimia tukaifungua ndege mabawa, tukaipakia kwenye Fuso, tukateremka nayo hadi Luberizi, kwenye bonde la Ruzizi, ambako ardhi ni tambarare na hewa ni nzito kuliko ya milimani kwetu. Priscille alisema hewa nzito inabeba vizuri. Nikamwambia hilo hata mimi ningelijua, kitu kizito ndicho kinachobeba.

Wakulima wa mpunga wakaacha kazi wakapanga mstari kando ya uwanja. Mume wangu alikuwa na shati moja. Akanishika mkono, hakusema kitu, akapanda pembeni ya mfuko wake wa mchanga. Almasi akasukuma pangaboi, Volkswagen ikakohoa, ikanguruma. Ndege ikakimbia, ikarukaruka kwenye nyasi, kisha magurudumu yakaacha nyasi.

Mimi sikutazama mabawa. Nilitazama pua. Ilipanda, na moyo wangu ukapanda nayo, nikawa nasema kwa sauti, "Simama hapo, simama hapo." Ikasimama hapo. Ikateremka kidogo, ikatulia, ikanyooka kama mtu anayejua anakokwenda. Alizunguka juu ya mashamba ya mpunga, nyange wakaruka chini yake, weupe chini ya bawa jeupe, na wanawake wa Luberizi wakaimba wimbo wa bibi harusi kwa sababu hawakuwa na wimbo wa ndege. Priscille alinikumbatia kwa nguvu hadi nikashindwa kupumua. Alipotua na kuzima injini, mume wangu alibaki ameketi kitambo, mkono juu ya ule mfuko wa mchanga, kama anayempongeza abiria.

Aliruka na mchanga mara nyingi baada ya hapo, kila mara kwa kipimo, mpaka Priscille akaridhika. Ndipo asubuhi moja, palepale Luberizi, akafungua mkanda wa kiti cha pili, akamwambia Almasi ashushe mfuko, akanigeukia. "Tantine, sasa zamu yako."

"Kilo zangu unazijua. Jimbo zima linazijua."

"Najua zile za siku ile," akasema, na akaonyesha mizani kwenye nyasi. Hakuinamisha macho hata kidogo. Nikavua viatu bila kuambiwa. Tisini na tisa. Akaandika, akajumlisha, akatikisa kichwa kwamba sawa, ndege inaweza.

Nikaketi. Mkanda wa mume wangu ulivutwa mpaka mwisho, wangu ukaachiwa mpaka mwisho, na Almasi akaikaza yote miwili. Nyuma ya vichwa vyetu injini ya mapadri ikawaka, nikaisikia ikitetemeka mgongoni mwangu kama mtoto aliyebebwa vizuri, juu, si chini. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na furaha, na sikujua nianze na lipi. Mume wangu akaniinamia sikioni ili nimsikie.

"Mama Yannick," akasema, "unanenepa."

"Bahati yako," nikamjibu, na nyasi zikaanza kukimbia.